Nani anapiga udi? Wapenzi wa jazi na santuri za Unguja

Katika vikundi vya WhatsApp vya hapa Unguja kumeingia desturi ambayo wengine wanaicheka na wengine inawaudhi. Mtu akishasali Isha na kula, anaweka santuri juu ya mashine, anapiga picha ya jalada na lebo ya katikati, kisha anawarushia wenzake: leo namsikiliza Coltrane. Mwengine anajibu kwa Miles Davis, wa tatu anatoa santuri ya Duke Ellington aliyorithi kwa babu yake, wote magwiji wa jazi ya Marekani. Mwisho wa wiki hukutana, pengine juu ya dari ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, pengine barazani Kiponda, wakazisikiliza hizo hizo kwa pamoja huku kahawa ikizunguka. Walio nje ya duara hilo wana maneno yao. Kuna wanaosema ni kujionyesha tu, na kuna wanaoona ni kasumba ya Kimarekani katika mji uliozaa taarab. Wapo pia wanaodhani ni maandalizi ya biashara ya watalii. Nimezisikia hoja zote hizo na naona zimekwama kwenye picha ya jalada. Baada ya picha kuja swali, na swali hilo karibu kila mara ni lile lile: nani anapiga besi? Nani yuko kwenye ngoma? Ilirekodiwa lini, na studio gani?

Hoja yangu ni kwamba swali hilo ndilo lililokosekana katika muziki wetu wenyewe. Taarab ya Unguja inakaribia miaka mia moja tangu iingie kwenye santuri, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tumemjua mwimbaji na kikundi, basi. Aliyepiga kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), fidla, nai au udi amebaki bila jina. Vijana na wazee hawa wanaobadilishana santuri za jazi wameleta nidhamu ya kusikiliza ambayo hakuna ofisi wala skuli iliyotufundisha, na tukiishia kuwacheka tutawazika wapigaji wetu mara ya pili.

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba santuri si mgeni hapa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipanda meli kwenda Bombay pamoja na wenzake, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. Wenzake tunawataja hadi leo: Subeti bin Ambar, Budda bin Swedi, Mwalim Shaaban, Mbaruk Effandi Talsam. Santuri zile ziliuzwa vizuri hata kampuni nyingine za Ulaya zikaharakisha kuja kutafuta waimbaji wa pwani. Gramafoni haikuwa ya kila nyumba, lakini wenye mikahawa ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, walijua kwamba anayepiga santuri za Siti hujaza viti, na mtu asiyekuwa na senti ya kununua sahani alizisikia nyimbo zake zote kwa bei ya kikombe cha kahawa. Maana yake kusikiliza santuri kwa pamoja, kubishana juu yake, kumfahamisha mgeni maana ya fumbo lililomo, ni desturi ya mji huu tokea zama hizo. Wanaokutana leo darini wamerudi mahali ambapo babu zao walikuwapo.

Na muziki uliosikika humo haukuwa wa aina moja. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 ilikuwa imeshalelewa na masikio ya Misri, kwani Sultani Barghash alishamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Santuri za Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, zikaingia, na nyimbo za filamu za Kihindi zikaingia. Kuanzia 1933 kampuni ya Gramophone ikaanza kuleta Afrika mfululizo wa GV, santuri za muziki wa Cuba zilizotolewa upya kwa soko letu, na huko Bara bendi za dansi zikachipua kwa wingi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na kule Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Zilipiga rumba zaidi kuliko kitu kingine, lakini jina walilolichagua linaonyesha walikuwa wakiangalia upande gani wa dunia. Sauti ya Unguja ilipoanza kurusha matangazo kutoka Raha Leo mwanzoni mwa miaka ya 1950, masikio ya mji huu yalikuwa yameshazoea kupokea kutoka kila bandari.

Sasa turudi kwenye swali la nani anapiga, maana hapa ndipo penye uzito. Watu wanadhani jazi ilizaliwa na orodha zake. Ukinunua santuri ndefu (LP) ya miaka ya 1950 utakuta nyuma ya jalada jina la kila mpigaji, pengine na tarehe ya kurekodi, na unaona kama jambo la kawaida. Halikuwa la kawaida. Mwezi wa Aprili 1923 King Oliver aliingiza bendi yake katika studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, na santuri zilipotoka, kwa upande wa wapigaji lebo ilitaja jina la bendi tu. Kijana aliyepiga tarumbeta ya pili ya aina ya koneti alikuwa Louis Armstrong. Pianoni alikuwapo Lil Hardin, na kwenye klarineti Johnny Dodds. Lebo haikumtaja hata mmoja wao kuwa mpigaji. Kwa kampuni, mpigaji alikuwa kibarua aliyelipwa siku hiyo akaenda zake. Tunaowajua leo tunawajua kwa sababu ya mashabiki, watu wasiokuwa na cheo chochote katika muziki, waliokusanyika kwenye vyumba vya nyumba zao huko Ulaya na Marekani, wakapiga santuri ile ile mara nyingi, wakabishana kwa sikio nani ni nani, kisha wakawaandikia barua wapigaji waliokuwa hai na kuwauliza. Paris mwaka 1936, Charles Delaunay, kijana aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Hot Club de France, chama cha wapenzi wa jazi, alichapisha kitabu cha kuorodhesha santuri za jazi pamoja na wapigaji wake, tarehe zake na nambari zake. Taaluma nzima ya kuorodhesha muziki uliorekodiwa imekua kutokana na mazungumzo ya aina hiyo hiyo ambayo sisi tunaona ni ya watu wasio na kazi.

Angalieni na tarehe yenyewe. Baina ya santuri za King Oliver na kitabu cha Delaunay ilipita miaka 13 tu. Wapigaji wengi walikuwa bado vijana, kumbukumbu zao hazijachakaa. Sisi tunazungumza juu ya santuri za miaka ya 1950 na 1960, na aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye fidla wakati huo leo ama hayupo ama ni mzee sana. Hapo ndipo haraka yangu inapotoka. Na siyo kwamba hatuna wanaojua. Nilikuwapo usiku mmoja Kiponda, jazi imeshapigwa vya kutosha, kijana mmoja akatoa santuri ya taarab ya kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, ambayo lebo yake ina jina la mwimbaji na la kikundi tu. Akaishika kwa ukingo, kiganja hakigusi mifuo, akaiweka. Ilipofika sehemu ya kati, ile ambapo mwimbaji hunyamaza na vyombo hujibu, akamgeukia mzee aliyekuwa karibu naye: "Mzee wangu, nani huyo kwenye fidla?" Mzee akasema, "Irudishe kidogo, mwanangu." Sindano ikarudishwa. "Huyo mkono wake mzito kwenye uzi wa chini. Sikiliza anavyouburura." Akamtaja kwa jina lake na la baba yake, na kwamba alikuwa fundi cherehani. Mzee wa pili akakataa, akasema huyo alikuwa ameshaacha kupiga mwaka ule, fidla hiyo ni ya mwanafunzi wake. Hawakukubaliana. Kijana akaandika majina yote mawili kwenye karatasi pamoja na sababu ya kila mmoja, akaitia ndani ya jalada. Karatasi ile ni kipande cha historia ya Zanzibar ambacho hakikuwapo saa moja kabla, na kimeandikwa na mtu aliyejifunza kuuliza kwa kumsikiliza Paul Chambers, mpiga besi wa jazi.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya watu hawa ni ile inayosema jazi si yetu. Husemwa kwa sauti kubwa, pengine kwa sababu haina pa kusimama. Mwezi wa Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi aliyoiita Uhuru Afrika. Sauti ya kwanza inayobeba ujumbe wa kazi ile ni Kiswahili, ikisomwa na Mtanganyika Tuntemeke Sanga, juu ya maneno yaliyoandikwa na mshairi Langston Hughes, na muziki ukiwa umepangwa na Melba Liston. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi ya mpiga piano Herbie Hancock ilijipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Eddie Henderson, ambaye pia alikuwa daktari, akawa Mganga. Mtu anayetaka kuwakataa hawa kwa jina la utamaduni wa Mswahili ana kazi kubwa ya kunieleza Uswahili wake unaanzia wapi.

Na upo mfano ulio karibu zaidi na sisi wa taarab. Mwaka 1958 Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi aliyekuwa akifanya kazi na mpiga piano Thelonious Monk, alirekodi Jazz Sahara. Ndani yake mna udi anaoupiga yeye mwenyewe, kanuni ya Jack Ghanaim, fidla ya Naim Karacand, dumbaki na dafu, na katikati yao saksafoni ya Johnny Griffin. Mpigieni santuri hiyo mzee yeyote wa mtaa wetu wa Malindi bila kumwambia ni nini. Atatambua vyombo vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja atakikubali kabla upande wa kwanza haujaisha. Abdul-Malik alikuwa akisema baba yake ametoka Sudan, na watafiti baadaye wakaonyesha kwamba wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Kwangu habari hiyo inampandisha daraja. Mtu wa Brooklyn, New York, aliutamani muziki wa upande wetu wa dunia hadi akajitafutia nasaba ndani yake, na leo sisi wenye nasaba hiyo tunaambiwa tusimsikilize. Isitoshe, jina la Ghanaim na la Karacand tunalijua kwa sababu waliotengeneza santuri ile na walioipenda waliona mpiga kanuni anastahili kuandikwa. Tuna wapiga kanuni wangapi wa kwetu walioandikwa hivyo?

Kuhusu kujionyesha sina mengi. Wapo wanaojionyesha. Wapo pia wanaojionyesha kwa vitabu na kwa kanzu, na hatujaacha kusoma wala kuvaa. Suala la gharama ni la kweli zaidi: mashine nzuri na sindano yake si vitu vya mshahara wa mwalimu wa skuli, na santuri mpya kutoka nje hulipiwa usafiri na ushuru. Ila desturi yenyewe ya kusikiliza pamoja inapunguza uzito huo. Wajapani baada ya vita, wakati santuri za Marekani zilikuwa ghali kupita uwezo wa mtu wa kawaida, walijaza mikahawa ya jazi ambamo mwanafunzi alinunua kikombe kimoja akakaa saa nyingi akisikiliza. Ni ule ule mkahawa wa Ng'ambo wa miaka ya 1930.

Hoja ya intaneti inahitaji jibu la subira, kwani wenye kuisema hawana nia mbaya. Wanasema: kila kitu kipo YouTube, za nini sahani zinazokwaruza? Nitajibu kwa santuri ambayo kila mpenzi wa jazi anayo au anaitamani, Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa hivyo upande wote wa kwanza wa santuri ulitoka ukiwa juu kidogo ya sauti halisi. Kwa zaidi ya miaka 30 wanamuziki duniani kote walijifunza vipande vile wakijiuliza kwa nini vyombo vyao havikubaliani navyo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilipotolewa toleo lililosahihishwa kutoka kanda ya akiba. Matoleo ya mwanzo pia yalipindua majina ya vipande viwili vya upande wa pili. Kosa la aina hiyo hugunduliwa na kuelezwa kwa sababu kuna watu wanaolinganisha toleo na toleo, lebo na lebo. Sasa chukueni taarab ya zamani iliyotiwa mtandaoni na mtu asiyejulikana, kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, kutoka santuri ambayo huenda ilipigwa kwa kasi isiyo yake. Mwanafunzi wa udi anayeiiga nyumbani anafuata sauti ambayo huenda Siti mwenyewe hakuiimba. Tena wimbo umekatwa: upande mmoja wa santuri ya 78 ya inchi 10 huchukua kama dakika tatu, taarab inataka zaidi, kwa hivyo shairi liligawanywa pande mbili au beti zikaachwa. Mara nyingi mtandaoni utakuta upande mmoja tu, na msikilizaji hajui kwamba kuna nusu nyingine. Ukiwa na sahani mkononi unaigeuza.

Imebaki hoja ambayo naiona nzito, na sitaki kuipita kwa haraka. Wanaosema kwamba mapenzi haya ya santuri yanaweza kuzimaliza santuri zetu wana sababu. Soko la dunia limefufuka. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, jambo lisilotokea tokea 1987, na mahitaji hayo hayaishii kwenye santuri mpya. Wanunuzi wa santuri za zamani za Afrika wanajua thamani ya wanachokitafuta kuliko anayekiuza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilibadilisha wakaazi, na vitu vilitawanyika, kisha kaseti ikaja na masanduku ya santuri yakahamia stoo. Yaliyonusurika sasa yanatoka mojamoja kwenda maduka ya vitu vya kale, ambako sahani ya taarab hutundikwa ukutani kama pambo au huuzwa pamoja na fremu. Kijana anaporusha picha ya santuri adimu kwa kikundi chenye watu mia mbili, anamwarifu mpenzi na anamwarifu dalali kwa wakati mmoja. Hilo siwezi kulikanusha.

Lakini tuangalie ni nini hasa kinachoondoka. Sahani ikiondoka Unguja baada ya lebo zake mbili kupigwa picha, nambari zilizochorwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo kunakiliwa, sauti yake kuhifadhiwa kwa kasi iliyo sahihi na wazee kuulizwa nani anapiga, tumepoteza kitu, na bado tumebaki na mengi. Ikiondoka bila hayo, kilichofika kwa mnunuzi ni kama kanga isiyo na jina: nakshi ipo, usemi haupo. Na yeye hawezi kuurudisha, hata akiwa mtu mwema. Mwaka 2007 huko Uingereza ilitoka CD nzuri ya muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka hazina ya sauti ya British Library, na kwa miaka mingi mfululizo wa CD za muziki wetu uitwao Zanzibara umekuwa ukitolewa Ufaransa. Nawashukuru waliofanya kazi hizo. Ila mtu aliye London hawezi kumrudishia sindano mzee wa Kiponda. Kwa hivyo jibu la hofu ya kuporwa ni kuorodhesha kwa haraka zaidi kuliko dalali anavyonunua, na watu pekee niliowaona wenye tabia ya kuorodhesha ni hawa hawa tunaowalaumu.

Wamejifunza na jambo jengine ambalo familia nyingi hazilijui, nalo limeshaua santuri nyingi. Sahani za 78 hazikutengenezwa kwa plastiki kama santuri ndefu zilizoanza kutolewa 1948. Ndani yake mna lakki, utomvu wa mdudu wa India, na lakki huyeyuka kwa spiriti. Mtu mwenye nia njema anachukua spiriti ile ile inayosafisha santuri ya plastiki, anaipangusa sahani ya bibi yake, na ndani ya dakika moja amefuta sauti ambayo huenda haipo mahali pengine popote. Maji safi yasiyo na chumvi, tone la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, lebo isilowe: hivyo tu. Sindano nayo ni nyengine, nene zaidi, kwani mfuo wa 78 ni mpana, na sindano ya santuri ndefu inakwenda chini kabisa ya mfuo ikisoma vumbi. Zisimamishwe kama vitabu, zisilazwe zikabebana. Na masika yakiingia zitolewe kwenye masanduku ya mbao yaliyo chini, maana ukungu wa Machi hadi Mei hauchagui baina ya jalada la Ellington na la Siti.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo milango yetu imepimwa, imepigwa picha, imeandikiwa vitabu. Sijaona orodha kama hiyo ya santuri. Tunayo Nyaraka pale Kilimani, tunayo maktaba ya kanda ya redio, tuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilichoanza 2002, na tuna klabu zenyewe za taarab, Ikhwani Safaa ya Malindi na Culture Musical Club, ambazo wanachama wake wanakumbuka. Kinachohitajika ni fomu moja ya ukurasa mmoja ambayo mtu yeyote mwenye santuri anaweza kuijaza na kuiwasilisha bila kuiacha sahani yake, kwani watu hawatoi vitu vyao kwa ofisi wasizoziamini, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Jina la santuri, nambari zake, kasi, hali, ilitoka kwa nani, na nafasi kubwa kuliko zote iachwe kwa wapigaji: jina, chombo, nani amemtambua na kwa dalili gani. Majina mawili yanayopingana yaandikwe yote mawili. Hayo hayataki bajeti ya wizara. Yanataka mtu wa kuzipokea fomu na kuzitunza. Faida yake haitakuwa ya heshima tu. Mwanafamilia wa mpiga fidla wa miaka ya 1970 ambaye muziki wake unauzwa leo mtandaoni hana pa kuanzia dai lake la hakimiliki ikiwa hakuna karatasi inayosema baba yake alikuwapo studio siku ile.

Nina ombi moja kwa wapenzi wa jazi wenyewe. Vikao vyao ni vya usiku, na vya wanaume karibu vyote. Tumeridhika kudhani kwamba wajuzi wa taarab ni wazee wa barazani, wakati katikati ya karne iliyopita Unguja ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake vilivyoshindana kwa ukali, vikiwa na majina ya Royal Navy na Royal Air Force, na waliokuwa wakiimba, kupiga ngoma na kutunga mafumbo ya kujibizana walikuwa bibi zetu. Bibi hawezi kupanda ngazi za darini saa nne usiku kwenda kuambiwa mpiga ngoma Art Blakey ni nani. Mashine ya santuri inabebeka. Ipelekwe alasiri nyumbani kwake Vikokotoni au Chake Chake, iwekwe sahani yenye sauti anayoijua, na mjukuu wake wa kike ndiye awe ameshika kalamu, kwa sababu kuna majina ambayo hatayataja mbele ya vijana wa kiume wasiokuwa wake.